Texas Ana Hati, Marsabit Ana Ng'ombe

Watu wa nyumbani huniuliza kama wafugaji wa huku wanaipenda mitambo ya upepo. Inategemea mtambo umesimikwa kwenye shamba la nani.

Naishi magharibi mwa Texas. Kwenye shamba la upepo la Roscoe peke yake kuna mitambo 627, na ukiendelea mbele unaikuta kwenye ranchi. Jua likiwaka, ng'ombe hujipanga mstari kwenye kivuli cha mnara. Kivuli kikisogea, nao wanasogea. Mwenye ranchi hana neno. Kampuni ilipobisha hodi alimwita wakili kwanza. Mkataba unataja malipo yake na barabara itakakopita, na tangu 2019 sheria ya jimbo inataka utaje pia nani ataing'oa mitambo ikizeeka, na dhamana ya pesa iwepo. Anayenung'unika ni jirani aliyekosa mtambo, kaachiwa taa nyekundu zinazowakawaka usiku kucha.

Sasa njoo Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 na ulipewa ekari 150,000 za malisho, ardhi ya jamii iliyokuwa chini ya baraza la kaunti. Stima inasafiri kilomita 428 hadi kituo cha umeme cha Suswa, ikiziacha manyatta gizani. Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikutolewa kwa kufuata sheria. Wakati huo mitambo ilikuwa inazunguka zamani.

Wapo wanaosema dawa ni kugawa ardhi, kila mtu na kipande chake, kama Kajiado, ambako mradi wa Kipeto unawalipa Wamaasai wenye hati. Malipo ni mazuri, sikatai. Lakini hati hizo hizo ndizo zilizoleta nyua za waya na mashamba kuuzwa, na ukame ukija mifugo haina pa kupita. Marsabit mvua inanyesha huku leo, kule mwezi ujao. Ukiikata vipande, umewamaliza wafugaji.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inairuhusu jamii nzima kusajili ardhi yake na kushika hati moja. Hapo wazee wangekuwa na haki ya kuita wakili wao, kama mzungu wa Roscoe. Viongozi wetu wa kaunti, huo usajili umefika wapi?