Wimbo Unaanza Lini?

Kosa langu lilikuwa hesabu. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita, gitaa la besi, lile la sauti nzito ya chini, lina nne. Nikajiambia: nyuzi chache, taabu chache, na bei nayo itakuwa imepungua kidogo. Mtu mzima wa miaka 41, mchomelea mageti hapa Walukuba, Jinja, nikadanganywa na hesabu ya darasa la pili.

Nikaenda Kampala na laki saba mfukoni. Muuzaji akanitajia laki tisa na nusu, na hiyo ni besi iliyokwishatumika, rangi imebanduka pale mkono wa mwenyewe wa zamani ulipokuwa ukilalia.

“Lakini nyuzi ni nne tu,” nikamwambia.

Akaniangalia kama mtu aliyeomba kupunguziwa bei ya pikipiki kwa sababu ina magurudumu mawili.

Tukamalizana kwa laki nane. Ile laki ya juu nilikopa kwa shemeji kwa simu, nimesimama palepale dukani. Nikauliza spika iko wapi. Spika, bei yake nyingine. Waya wa kuunganisha? Bei nyingine. Nikauliza nyuzi za akiba, na hapo ndipo nilipotaka kulia: seti ya nyuzi nne za besi inaishinda bei seti ya sita za gitaa dogo. Muuzaji akanieleza kwamba ule uzi mnene ni waya uliozungushiwa waya mwingine, chuma juu ya chuma. Mimi nyumbani nawapigia watu bei ya geti kwa wingi wa chuma, kwa hiyo nilinyamaza.

Kurudi Jinja, taksi ya watu kumi na wanne. Kondakta akatazama lile furushi refu akasema, “Ssebo, huyu naye analipa.” Nikabishana naye mpaka Mukono, nimeibana besi katikati ya magoti, kichwa chake kinachungulia dirishani kama mbuzi wa sikukuu. Tulipofika Namawojjolo, wale wauza kuku wakavamia gari kama kawaida yao. Mmoja akaingiza kijiti chenye paja la kuku dirishani, akaona mkono wake umechoka, akakiegesha kwenye zile skrubu za kukazia nyuzi huku akimrudishia abiria wa nyuma chenji. Mafuta yakatiririka shingoni mwa besi, nami nakodoa macho. Mpaka tunavuka daraja la Nile, ala yangu ya laki nane ilikuwa inanukia chakula cha mtu mwingine.

Halafu vidole. Mikono hii imeshika chuma cha moto miaka 15. Nikasema, nyuzi zitanifanya nini? Siku ya tatu malengelenge yakaota kwenye ncha za vidole vinne, na ndoo ya maji nikawa naibeba kwa kiganja. Shingo ya besi nayo ni ndefu mno: vile vijichuma vilivyolala juu yake, kutoka cha kwanza hadi cha nne ni kama sentimita 13, na kila kidole kinatakiwa kikae na chake. Changu kidogo hakijawahi kufanya kazi yoyote tangu nizaliwe. Nasikia Marekani alikuwako mpiga besi James Jamerson, aliyekuwa akikwaruza nyuzi kwa kidole kimoja tu cha shahada, na nyuzi zenyewe habadilishi mpaka zikatike. Huyo ndiye mtu wangu, hasa hapo kwenye nyuzi. Na Leo Fender, mtengeneza magitaa aliyetoa besi iitwayo Precision Bass mwaka 1951, gitaa lenyewe alikuwa hajui kupiga. Kwa hilo tuko sawa, ila yeye aliuza, mimi nilinunua.

Basi baba mkwe akaja kutoka Busia. Mzee huyu gitaa analolijua ni la kadongo kamu: mtu mmoja, gitaa moja, na hadithi ndefu ya mwanamke aliyekimbia na mali. Akawekewa chai, akavua kofia, akasema, “Haya mwanangu, tupigie.” Nikapiga yale niliyokuwa nayo. Dum. Dum. Du-dum. Nikarudia mara nane, jasho linanitoka. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, akanywa chai yake taratibu, akangoja. Mwishowe akauliza:

“Vizuri. Wimbo unaanza lini?”

Nikamtafuta mke wangu anitetee. Nikaweka rumba kwenye simu, nikamwambia asikilize besi. “Ipi?” Ile ya chini. “Hiyo si ngoma?” Na kwa kweli besi inatembea na ngoma kubwa mguu kwa mguu, na kwenye spika ya simu haisikiki kabisa. Watu wanaruka wakati wa sebene wakidhani wanamchezea mpiga solo, kumbe kiuno kinasukumwa na mwingine kabisa, yule aliyesimama nyuma karibu na pazia.

Nikanunua spika. Umeme ukikatika, besi inalia kama mbu ndani ya kopo. Umeme ukirudi, bado naisikia kwa mbali, naongeza sauti, naongeza tena. Sikujua kwamba wimbi la sauti ya ule uzi mnene lina urefu wa zaidi ya mita 8, na chumba changu ni mita tatu kwa tatu. Haliwezi kukaa humu. Linapita ukuta na kwenda kwa Mama Zaituni.

Alikuja siku ya kwanza na kanga begani. “Baba Amina, kabati langu la vyombo linaongea.” Nikaomba radhi. Akaja tena. Nikaomba tena. Miezi miwili, dum, dum, du-dum, na upande wa pili vikombe vinajibu.

Alhamisi iliyopita akagonga ukuta. Nikashusha besi, nikasafisha koo kwa ajili ya radhi nyingine.

“Baba Amina! Hapo unaharakisha. Ngoja vikombe vinyamaze ndipo uingie.”

Nikangoja. Vikanyamaza. Nikaingia.

“Bado,” akasema.