Ukulele: dole gumba la mpiga gitaa linapokosa kazi

Wapiga gitaa wana ubishi wao. Wapo wasemao ukulele ni gitaa dogo tu. Wengine wanasema ni chombo kingine, anza upya. Kwa mkono wa kushoto, wa kwanza wana haki. Nyuzi nne nyembamba za gitaa, D G B E, ukizibana kwa kapo (kibanio cha nyuzi zote) kwenye freti ya 5, yaani kijiti cha tano cha chuma shingoni, zinakuwa G C E A, majina yale yale ya nyuzi za ukulele. Mkao wa vidole wa kodi (noti zinazolia pamoja) ya D hapa unatoa G, wa C unatoa F, na wa G unatoa C kwa kidole kimoja: uzi wa kwanza, freti ya 3. Anayeimba ndiye anayekwama. Wimbo aliouzoea kwa ufunguo wa G, akibeba mikao ile ile, unahamia C na koo linagoma.

Mkono wa kulia ni habari nyingine. Uzi wa nne wa ukulele ya kawaida haushuki kwa sauti: G yake iko juu ya C na E, toni moja tu chini ya A. Dole gumba lililozoea kutembea kwenye besi, kama katika upigaji wa vidole viwili wa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, Kongo, linatafuta besi isiyokuwepo. Mdundo unabaki, uzito unapotea. Kwa anayecharaza kodi huku akiimba, si hasara kubwa. Kwa mpiga vidole ni kubwa, ingawa ana fidia yake: noti jirani zikigawanywa kwenye nyuzi tofauti huendelea kulia pamoja, mlio ulio karibu na kanuni, ala ya nyuzi ya taarabu, kuliko gitaa.

Kosa la kila siku ni nguvu. Uzi wa gitaa una urefu wa kama sm 65, wa soprano, ukulele ndogo, kama 35, tena ni nailoni. Ukiukandamiza kama wa chuma, noti inapanda na kodi inatoka tuni hata kama nyuzi wazi ziko sawa. Nyuzi za chuma usifunge kabisa, zitang'oa daraja linalozishika mwilini mwa chombo.

Anayeshindwa kuishi bila besi achukue baritoni, ukulele kubwa inayotuniwa D G B E, au afunge G ya chini kwenye ukulele ya tena (tenor). Usiushushe uzi uliopo kwa oktava (hadi G ya chini yake), utalegea tu. Nunua ulio mnene, na kama hauingii kwenye mfereji wake kichwani mwa shingo, upanue kwa tupa ndogo, pembeni tu: ukichimba chini, uzi wazi utagonga freti ya 1.