Ukimtibu kuku ukaliacha banda, hujatibu kitu

Kuku anayejikuna kutwa nzima, upanga wa kichwani umepauka, mayai yamepungua, na jioni hataki kuingia bandani mpaka umsukume, huyo anakuonyesha shida iko wapi. Anaogopa anakoenda kulala! Lakini watu wengi tunamkamata, tunampaka dawa ya unga ya chawa na utitiri, tunamrudisha palepale kwenye fito zilezile anazolalia, afu wiki mbili baadaye kilio ni kwamba dawa feki.

Hivi vidudu havifanani jamani, na hapa ndo wengi wanapopotea. Chawa anaishi juu ya kuku maisha yake yote, anatafuna manyoya na magamba ya ngozi, rangi yake kama majani makavu, ukifunua manyoya ya karibu na njia ya haja unamwona anakimbia na mayai yake yameganda kwenye mashina ya manyoya kama vipande vya chumvi. Huyo akitolewa kwa kuku hamalizi hata wiki, anakufa, kwa hiyo kwake sawa, pambana naye juu ya kuku.

Ila utitiri mwekundu ni habari nyingine kabisa. Huo mchana haupo kwa kuku, umejibana kwenye nyufa za mbao, kwenye maungio ya fito, chini ya viota, unatoka usiku kunyonya damu na kabla hakujakucha ushajirudia mafichoni, ndo maana unamkagua kuku saa sita mchana unamkuta msafi halafu unashangaa anadhoofika. Kukiwa na joto, yai la utitiri linaweza kufika kuwa mdudu mzima ndani ya kama siku 7 mpaka 10, na banda likikaa tupu bila kuku utitiri unaweza kuishi miezi kadhaa ukisubiri. Sasa niambie, kumpaka kuku peke yake kutasaidia nini?

Chukua tochi nenda bandani usiku giza likishaingia vizuri, pitisha karatasi nyeupe au kitambaa cheupe chini ya fito, ukiona vidoa vinatembea na ukivibonyeza vinaacha damu basi ushajua. (Kuna utitiri mwingine unaokaa juu ya kuku muda wote, huo unayafanya manyoya ya kule nyuma yaonekane meusi ya uchafu, kwa hiyo kuku naye mkague, usikariri.)

Kazi yenyewe ni ya kuchosha na mi naona hakuna njia ya mkato. Toa maranda yote, yapeleke mbali au yachome, ng'oa fito kama zinang'oka, kwangua, osha kwa maji ya moto na sabuni, acha pakauke kabisa ndo upulize dawa mpaka ndani ya nyufa, sio juu juu tu. Kuku watibiwe siku hiyohiyo. Na baada ya kama siku 7 hivi rudia vyote, maana dawa nyingi haziui mayai, yanaanguliwa na unaanza upya. Hapo kwenye kurudia ndo watu wengi wanaachia njiani na inaniuma sana, wanapoteza kuku waliokuwa wanaokoleka.

Kitu kingine kinachonikasirisha ni kumpaka kuku mafuta ya taa au oili chafu, yanaunguza ngozi yake, ni mateso tu. Na dawa za shambani msiziingize bandani, mwaka 2017 Uholanzi na Ubelgiji mamilioni ya mayai yaliondolewa sokoni kwa sababu dawa ya wadudu iitwayo fipronili ilitumika kuua utitiri kwenye mabanda wakati hairuhusiwi kwa kuku wa mayai. Yai unalolila wewe na wanao, soma kibandiko cha dawa, kama kinasema subiri siku kadhaa kabla ya kula mayai basi subiri kweli.

Wape pia sehemu kavu ya kuoga vumbi, mchanga na majivu kidogo, ijapokuwa vumbi halimalizi utitiri wa kwenye mbao. Na kuku mgeni usimchanganye na wenzake siku anayofika, mweke pembeni kama wiki tatu, mfunue chini ya mbawa na kule nyuma kila baada ya siku chache, na kreti au kikapu alichokuja nacho kisiingie bandani kabisa.