Mamdani na hesabu ya miswada mitatu

Katika kampeni za umeya wa New York mwaka 2025, Andrew Cuomo, gavana wa zamani wa jimbo hilo, alikuwa na rungu moja ambalo hakuchoka kuliinua: mpinzani wake Zohran Mamdani amekaa Bunge la Jimbo kule Albany tangu Januari 2021, na miswada yake iliyofika kuwa sheria ni mitatu tu. Rungu halikumwangusha. Mamdani alishinda mchujo wa chama cha Democratic tarehe 24 Juni, akashinda uchaguzi wenyewe tarehe 4 Novemba kwa kura zaidi ya milioni moja, na tarehe 1 Januari 2026 akaapishwa. Hata hivyo hoja ile haijafa, na haifai kupuuzwa, kwa sababu ndani yake kuna swali la maana lililoulizwa vibaya.

Asili ya Mamdani msomaji wa Afrika Mashariki anaijua: Kampala, 1991, mtoto wa Profesa Mahmood Mamdani, ambaye miaka ya sabini alifundisha Dar es Salaam, na wa mwongozaji filamu Mira Nair. New York alifika akiwa na miaka saba. Kinachotajwa kwa haraka mno ni kazi yake kabla ya siasa. Alikuwa mshauri wa wenye nyumba pale Queens, moja ya sehemu tano za jiji, wale walioshindwa kulipa mkopo na nyumba zao zikakaribia mnada. Hiyo ni kazi ya kusoma barua ya benki mstari kwa mstari: riba imeanza kuongezeka lini, siku ya mwisho ya kujibu ni ipi, nani pale benki ana mamlaka ya kusema ndiyo. Uraia wa Marekani aliupata 2018. Miaka miwili baadaye alimng'oa Aravella Simotas, aliyeshikilia kiti cha Astoria, mtaa wa Queens, kwa takribani muongo mmoja, kwa kura zisizofika 500.

Sasa Albany. Bunge lile lina wabunge 150 katika baraza la chini na maseneta 63. Mswada wa mbunge lazima uwe na pacha wake kwenye Seneti, neno kwa neno. Upite kamati yake; ukigusa fedha, upite na kamati ya fedha. Katiba inataka ukae mezani kwa wabunge siku tatu kabla ya kura, isipokuwa gavana atume ujumbe wa dharura. Zaidi ya hayo yote, Spika akubali upangwe kwenye ratiba kabla kikao hakijafungwa mwezi Juni. Carl Heastie yuko kwenye kiti hicho tangu 2015, na mswada asioutaka hauhitaji hata kupingwa. Unalala tu kamatini mpaka ufe wenyewe. Mkenya au Mtanzania aliyewahi kuifuatilia hoja binafsi ya mbunge wake hatashangaa.

Na hiyo ni njia ya mambo madogo. Mambo mazito hupitia bajeti, ambayo mwaka wake huanza 1 Aprili. Katiba ya New York imempa gavana kalamu: yeye ndiye anayeleta miswada ya bajeti, na Bunge laweza kufuta fungu, kulipunguza, au kuongeza fungu jingine likisimama peke yake. Haliwezi kuandika upya maneno ya gavana; Mahakama ya Rufaa ya jimbo ililithibitisha hilo mwaka 2004. Matokeo yake, mazungumzo yenyewe hufanywa na gavana, Spika na kiongozi wa Seneti. Wengine wote husubiri nje, wakiwa na kura zao mfukoni kama kitu pekee cha kubadilishana.

Fungua mswada wowote wa bajeti ya New York utazame mahali ambapo huandikwa jina la aliyeuleta. Hakuna jina la mbunge. Pameandikwa neno moja: bajeti. Anayehesabu miswada kwa majina ya wabunge hulikuta fungu la bajeti ni la gavana tu, hata kama mbunge fulani ndiye aliyelihangaikia usiku na mchana.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mabasi. Mamdani na Seneta wa jimbo Michael Gianaris walikuja na kifurushi cha miswada kuhusu MTA, mamlaka ya treni na mabasi: fedha zaidi, safari za mara kwa mara, mabasi bila nauli. Miswada ile haikupita kama ilivyoandikwa. Lakini bajeti ya 2023, ya dola bilioni 229 na iliyochelewa hadi mwanzoni mwa Mei, ilitoka na dola milioni 15 za majaribio: njia moja ya basi bila nauli katika kila moja ya sehemu tano za jiji. Katika kila dola mia za bajeti ile, fungu hilo halikufika hata senti moja. Kwa hesabu ya Cuomo ni sifuri. Kwa abiria wa njia ya Bx18 kule Bronx, au ya Q4 kule Queens, ilikuwa nauli ya kwenda na kurudi iliyobaki mfukoni kuanzia Septemba 2023 hadi mwisho wa Agosti 2024.

Takwimu iliyozunguka sana ni hii: abiria wa siku za kazi waliongezeka kwa asilimia 30, na wa mwisho wa wiki kwa asilimia 38. Wafuasi wake huishia hapo. MTA yenyewe ilipochambua, ilikuta sehemu kubwa ya ongezeko ni abiria wale wale wakipanda mara nyingi zaidi. Wageni kabisa walikuwa wachache. Wapinzani husema kwamba hakuna kilichopatikana. Mimi hapo sielewi mantiki. Mtu aliyekuwa anapanda mara mbili kwa siku na sasa anapanda mara nne amepata nini, kama si safari mbili alizokuwa akizikata kwa mguu au akiziacha kabisa? Kliniki aliyoiahirisha, duka la bei nafuu lililo vituo sita mbele. Ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa wenye kipato cha chini, na hao ndio wanaopima kila safari kwa nauli.

Kuna jambo la pili lisilosemwa vya kutosha. Basi la New York halina utingo. Dereva yuko peke yake, na mashine ya kugusisha kadi iko mlangoni ubavuni mwake. Ugomvi wote wa nauli, ambao huku kwetu humwangukia kondakta, kule humwangukia mtu aliyeshika usukani. Katika njia zile tano mashambulizi dhidi ya madereva yalishuka kwa karibu asilimia 39. Ukiondoa nauli, umeondoa sababu ya ugomvi.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi ya miswada mitatu, na inashangaza kwamba haukuzitumia vizuri. Mamdani aliahidi mabasi ya haraka na ya bure. Majaribio yalionyesha kila abiria mmoja anapanda upesi zaidi kwa sababu halipi, lakini abiria wenyewe wameongezeka, hivyo muda wa basi kusimama vituoni ukapanda badala ya kushuka. Nauli peke yake haikuleta kasi. Kasi inataka njia maalum za mabasi na milango yote kufunguliwa, na hizo ni kazi nyingine. Halafu fedha: kuondoa nauli ya mabasi jiji zima kunakadiriwa kugharimu kati ya takribani dola milioni 650 na karibu bilioni moja kwa mwaka, kutegemea anayehesabu. Hapa wafuasi wake hujibu kwamba zaidi ya abiria wanne katika kila kumi tayari hawalipi. Ni kweli, ila sita waliobaki ndio makusanyo yenyewe, na makusanyo hayo yamewekwa rehani kwa wenye hatifungani za MTA.

Hoja kali kuliko zote ni kwamba majaribio hayakuongezwa muda. Agosti 2024 yaliisha, na mbunge aliyeyapigania hakuwa na nguvu ya kuyarudisha kwenye bajeti iliyofuata. Hapo ndipo mtu makini angemkamata. Aliingiza kitu ndani ya mazungumzo ya watu watatu, kisha hakuweza kukilinda. Ongeza kwamba mwaka wa kampeni hakuwepo bungeni kupiga kura nyingi, na kwamba mswada wake wa 2023 wa kuzuia mashirika ya hisani ya New York kufadhili makazi ya walowezi wa Kiisraeli ulimgombanisha na wenzake wengi wa chama bila kutoka kamatini. Mbunge wa siku zote angeuweka kando ili abaki na marafiki wa kumsaidia kwenye suala la mabasi. Yeye hakuuweka, na wapiga kura wake wengi walimpendea hilo hilo.

Kuhusu kazi isiyo na mswada kabisa, mfano ni wa teksi. Leseni ya teksi ya njano, ile bati inayopigiliwa juu ya boneti, mwaka 2014 ilikuwa imepita dola milioni moja. Bei ilipoporomoka, madereva walibaki na mikopo isiyolipika. Mwaka 2021 waligoma kula kwa siku 15 nje ya ukumbi wa jiji, na Mamdani aligoma nao. Makubaliano ya Novemba yalishusha mkopo hadi dola 170,000, jiji likiudhamini, malipo yasizidi dola 1,122 kwa mwezi. Sifa ya kwanza ni ya chama cha madereva, na Chuck Schumer, seneta wa New York kule Washington, naye alisukuma. Lakini lile lilikuwa suala la jiji. Hakuna mswada wa Albany ambao ungehesabiwa hapo, hata kama mbunge angelala nje mwezi mzima.

Umeya haujamtoa mikononi mwa Albany. Katika bodi ya MTA meya hupendekeza wajumbe wanne. Gavana hupendekeza sita, mwenyekiti akiwemo. Kodi ya mapato ya matajiri wa jiji haipandi bila Bunge la jimbo na saini ya gavana. Tarehe 4 Januari 2026, siku tatu baada ya kiapo chake, nauli ya basi ilipanda kutoka dola 2.90 hadi 3, kwa uamuzi ambao bodi ilikuwa imeupitisha kabla hajachaguliwa.