Siagi ipimwe kwa gramu jamani, kikombe tuachie maziwa

Ndugu zangu tulioko huku Marekani na tunapenda kuoka, hii habari ya kupima siagi kwa kikombe inatutesa bure. Nyumbani pakiti imeandikwa gramu, resipi imeandikwa gramu, unaweka bakuli juu ya mizani unakata siagi mpaka namba ifike, basi. Huku unaambiwa weka robo tatu kikombe, sasa siagi ngumu imetoka kwenye friji utaiingizaje kwenye kikombe? Ukitia vipande vinaacha nafasi za hewa katikati, ukishindilia inalainika mikononi kabla ya wakati wake, alafu nyingine inabaki imegandia kwenye kikombe na wewe unadhani imeingia yote.

Wenyeji hawahangaiki kwasababu siagi yao inauzwa kwa vipande wanaita stiki, kila kimoja ni robo ratili, yaani wakia 4, gramu 113. Karatasi yake ina mistari ya vijiko 8, unakata hapohapo na kisu. Stiki moja ndo nusu kikombe, mbili ni kikombe kizima gramu 227, na kijiko kikubwa kimoja ni gramu 14. Hapo nawapa haki yao, mpango mzuri sana huo. Ila ukiangalia vizuri hata wao wanatumia uzito, kiwanda kimeshawapimia, kikombe kimebaki jina tu. Nunua siagi ya bonge isiyo na mistari uone.

Na hicho kikombe chenyewe si kimoja duniani! Cha hapa ni mililita 237 hivi, Australia ni 250, kwahiyo kikombe cha siagi cha kule kinakaribia gramu 240. Kijiko kikubwa cha hapa kama mililita 15, cha Australia 20, na resipi ya mtandaoni mara nyingi hata haisemi aliyeiandika anapimia kikombe cha wapi. Gramu yeye ni ileile popote uendapo, na hii ndo sababu yangu kubwa kuliko zote.

Kingine, naona watu wanachukua ile 227 ya siagi wanaitumia kwa kila kitu. Hapana jamani, kikombe cha unga ni gramu 120 hivi, na ukichota kwa kushindilia inaweza kupita 140, sukari nayo ina yake. Hata siagi iliyopigwa ikajaa hewa, ile laini ya kupaka mkate, kikombe chake ni chepesi kuliko cha siagi ya kawaida, usiitumie kwenye hesabu hizi kabisa.

Kama huna mizani ila una jagi lenye alama za mililita, tia maji baridi mpaka 300, weka vipande vya siagi vielee mpaka maji yafike 400, hapo una gramu 100 za siagi, kwasababu kitu kinachoelea kinasukuma maji yenye uzito sawa na wake. Usiizamishe kwa kidole na isiguse chini, maana ukiizamisha unapima ujazo na maji yatapanda mpaka kama 404. Itoe, ifute maji vizuri, endelea na kazi.

Mimi kwa upande wangu naona mfumo wa nyumbani umeushinda huu wa huku, na mtu akiniambia mizani ni usumbufu simuelewi, bakuli ni lilelile moja unarudisha namba kwenye sifuri unaongeza kitu kingine, vyombo vya kuosha vinapungua. Na nyie mnaotuma resipi kwa ndugu zenu mkiwa huku, msiandike "stiki mbili" mkaishia hapo, ongezeni gramu 227, na hata mkiandika 225 hakuna keki itakayojua tofauti.