Nadharia ya Makundi Isisubiri Shahada ya Uzamili

Katika vyuo vingi, mwanafunzi wa fizikia hukutana na aljebra dhahania, tawi la hisabati lenye nadharia ya makundi ndani yake, akiwa amechelewa, kama atakutana nayo kabisa. Husoma fizikia ya kwanta, hukariri kanuni za spini (aina ya mzunguko wa asili wa chembe), hujifunza kujumlisha momenta za mzunguko za elektroni mbili kwa majedwali asiyojua yalikotoka, na akifika shahada ya uzamili ndipo anapoelezwa kwamba yote aliyoyakariri yalikuwa aljebra ya kundi moja tu, kundi la mizunguko. Mpangilio huo naupinga. Makundi yafundishwe kabla ya fizikia ya kwanta, au angalau sambamba nayo, kwa sababu ndiyo yanayoeleza kwa nini kanuni zake ziko hivyo zilivyo.

Wazo lenyewe si gumu kulishika. Kundi ni mkusanyiko wa vitendo ambamo ukifanya kimoja kisha kingine unapata kitendo kilichomo humo humo, kila kitendo kina kinyume chake, na kutofanya lolote nako kunahesabiwa. Laza kitabu mezani, jalada likiwa juu. Kizungushe robo mzunguko kikiwa kimelala, kisha inua ukingo ulio mbali nawe mpaka kitabu kisimame: jalada linakutazama. Sasa anza upya kwa kukisimamisha kwanza, ndipo ukizungushe: safari hii jalada linatazama ubavuni. Tofauti hiyo inayoletwa na mpangilio wa vitendo, ikipimwa kwa mizunguko midogo mno, ndiyo aliyoichunguza mwanahisabati Sophus Lie wa Norway katika karne ya 19, na ndiyo hiyo hiyo inayofanya vijenzi viwili vya spini ya elektroni visiweze kujulikana kwa uhakika kwa wakati mmoja. Mwanafunzi aliyekwisha kuiona kwa kitabu hahitaji kuipokea darasani kama amri.

Uhusiano wa ulinganifu na sheria za maumbile ulithibitishwa na mwanahisabati Emmy Noether huko Göttingen, Ujerumani, mwaka 1918: kila ulinganifu endelevu (kama wa kuzungusha kidogo kidogo) wa mfumo unaotawaliwa na kanuni ya fizikia iitwayo kanuni ya kitendo una kiasi kisichobadilika. Ikiwa sheria za leo ni zile za jana, nishati inahifadhiwa. Ikiwa za hapa ni zile za kule, momenta inahifadhiwa. Mwanamke huyo, ambaye kwa miaka kadhaa mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la mwanahisabati mwenzake David Hilbert kwa kuwa chuo kilikataa kumpa nafasi, ndiye pia aliyejenga nadharia ya kisasa ya ringi, miundo ya aljebra yenye kujumlisha na kuzidisha. Sioni sababu ya sisi kutenganisha kwa kuta za idara mambo ambayo yeye aliyashika pamoja.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote ni wa mwanafizikia wa Marekani Murray Gell-Mann. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, maabara zilikuwa zimegundua chembe nyingi ambazo hakuna aliyeweza kuzipanga. Gell-Mann alitambua kwamba anahitaji aljebra kubwa kuliko ile ya mizunguko, akawa anaitafuta kwa kubahatisha, akiongeza vitendo kimoja kimoja na kugonga mwamba kila mara. Wakati huo alikuwa Paris, karibu na wanahisabati ambao wangemjibu kwa dakika chache, ila hakuwauliza. Aliporudi Caltech, chuo chake cha California, mwanahisabati Richard Block alimfahamisha kwamba anachokitafuta kimo katika orodha ya aljebra za namna hiyo ambayo mwanahisabati Mfaransa Élie Cartan aliikamilisha mwaka 1894. Ilikuwa aljebra ya kundi liitwalo SU(3), yenye vitendo vinane vya msingi ambavyo vingine vyote hujengwa kutokana navyo. Mtu mwenye kipaji cha namna ile alipoteza miezi mingi kwa jambo lililokuwa limeandikwa zaidi ya miaka 60 kabla.

Alipolipata kundi lake, mambo yalikwenda kasi. Chembe tisa zilijipanga katika familia inayotakiwa kuwa na kumi, zikiwa na ngazi za tungamo za karibu 1230, 1385 na 1530 mega-elektronivolti (kipimo cha tungamo za chembe), yaani hatua za kama 150 kila moja. Ngazi ya nne, yenye chembe moja, ilikuwa tupu. Mwaka 1962 Gell-Mann akaitabiri chembe hiyo: chaji hasi, tungamo la karibu 1680. Februari 1964, watafiti wa Brookhaven, New York, waliokuwa wakipekua makumi ya maelfu ya picha za chemba ya viputo (chombo ambamo chembe huacha nyayo za viputo katika kimiminika), waliikuta. Tungamo lake linalokubalika leo ni 1672. Kuaki, chembe zinazounda protoni na jamaa zake, nazo zimo katika hesabu hiyo hiyo: aina tatu zikichukuliwa tatu tatu hutoa hali 27, na kundi linazigawa kuwa 10, 8, 8 na 1.

Sidai kwamba aljebra pekee inatosha. Mwaka 1974 Howard Georgi na Sheldon Glashow walipendekeza SU(5), kundi linalounganisha nguvu tatu za maumbile kwa umaridadi wa kustaajabisha, na likatabiri kwamba protoni huoza. Matangi makubwa ya maji chini ya ardhi, likiwemo la Super-Kamiokande nchini Japani, yamesubiri kwa miaka mingi bila kuona hata protoni moja ikioza, na pendekezo hilo katika umbo lake la awali limeanguka. Lakini hata kulikataa kulihitaji watu wanaoielewa SU(5) kiasi cha kujua itafutwe wapi.

Wanaopinga husema muda hautoshi. Nusu muhula inatosha: mizunguko, matriki za Pauli (majedwali ya namba yanayoeleza spini), SU(3), na mgawanyo wa zile hali 27 ukifanywa kwa mkono ubaoni. Mwanafizikia wa Pakistan Abdus Salam, ambaye Yuval Ne'eman wa Israeli alikuwa mwanafunzi wake London alipoifikia SU(3) kwa njia yake mwenyewe mwaka 1961, alianzisha kituo cha Trieste, Italia, mwaka 1964 kwa ajili ya wanafizikia wa nchi zinazoendelea, na leo kituo hicho kina taasisi mshirika Kigali. Wanafunzi wetu wanaokwenda huko kwa uzamili wafike wakiwa wamekwisha kuufanya mgawanyo huo.