Mtu Mzima Haimbiwi Nyimbo za Chekechea

Binamu yangu ana ulemavu wa akili. Amevuka miaka 30 na ana ndevu, lakini bado wapo wageni wanaompigia makofi na kumwimbia nyimbo za watoto wakiamini wanamfurahisha. Yeye hutazama ukutani. Redio ikipiga dansi la zamani, pale gitaa la solo linapoingia, hugonga ukingo wa meza kwa vidole na hakosei pigo. Ole wako uizime kabla wimbo haujaisha.

Kwa hiyo tunapozungumzia tiba ya muziki kwa watu kama yeye, naomba jambo moja: wahudumiwe kama watu wazima.

Tiba hii si kumwekea mtu muziki ili atulie. Mtunzi Mmarekani Paul Nordoff na mwalimu Mwingereza Clive Robbins, walioanza kazi yao Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, walijenga njia ambayo mtaalamu humsikiliza kwanza mhusika. Huyu akigonga ngoma taratibu, piano inakwenda naye taratibu. Akiongeza kasi, inamfuata. Wakati mwingine mtaalamu huacha kipande bila kukimalizia, akasubiri. Asiyeweza kutamka sentensi anaweza kukimalizia kwa pigo moja, na hilo ni jibu kamili. Mtu anayeamriwa kutwa nzima, amka, kula, kaa, hapo ndiye anayeongoza.

Wawili hao walianza na watoto. Nahofia wengi wetu tumebaki hapohapo.

Tazama Ufini. Mwaka 2009, katika warsha ya watu wenye ulemavu wa akili jijini Helsinki, ilizaliwa bendi ya panki, yaani roki ya kasi na makelele, iitwayo Pertti Kurikan Nimipäivät. Haikuwa tiba rasmi, lakini mwaka 2015 iliiwakilisha nchi hiyo katika Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, kwa wimbo usiofika hata dakika moja na nusu. Waliimba nini? Kwamba kila siku lazima wafanye usafi, waoshe vyombo, waende kwa daktari. Malalamiko ya mtu mzima aliyechoka kupangiwa maisha! Hawakufika fainali, na kwangu hilo halipunguzi kitu.

Huku kwetu, kijana akishamaliza kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi, mara nyingi anarudi kukaa nyumbani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 30 kinawapa haki ya kushiriki utamaduni na kukuza vipaji vyao. Wataalamu wa tiba hii ni adimu, lakini kwaya, vikundi vya dufu na bendi za mitaani tunazo. Haziwezi kuchukua nafasi ya mtaalamu, ila zinaweza kumpa mtu huyu ngoma siku ya mazoezi, zikamuuliza anapenda wimbo gani, na akiukataa mliomchagulia, zikaubadilisha.